Hartley Haoi Hartley

Tangu nirudi, kila anayenitembelea hapa Kisauni hukaa, hunywa chai yangu, kisha huuliza neno moja tu: "Wanaoana au hawaoani?" Hakuna anayeuliza nilikula nini wala nililala wapi. Basi nimeamua kuandika, na jibu nimeliacha palepale nilipolipata mimi, Jeddah. Mwenye haraka na aruke, ila asije kwangu tena kuomba chai.

Kwa marafiki wa bara msiotujua vizuri: sisi ni akina Hartley wa Frere Town, humu humu Kisauni. Wazee wetu waliokolewa baharini kutoka vyombo vya wauza watumwa, wakaletwa hapa misheni, wakabatizwa na kupewa majina ya Kiingereza. Ndiyo maana kwetu utamkuta mama anayekaanga mahamri akiitwa Bi Hartley, na hakuna anayegeuka kutazama. Pamoja na jina tulirithi amri moja: Hartley haoi Hartley. Sababu yake hakuna aliyetupa. Tuliishika tu, kama wengine wanavyoshika mwiko wa mbari yao.

Tabitha ni binti wa marehemu kaka yangu, na mimi ndimi shangazi yake mkubwa. Alimpata kijana wa Nairobi, fundi wa lifti, mtaratibu, macho chini mbele ya wakubwa. Tulimpenda kabla hajamaliza kuvua viatu. Kisha akasimama kujitambulisha, akasema, "Naitwa Gideoni Hartley," nami nikakirudisha jikoni kikombe cha chai nilichokuwa nikimpelekea. Tabitha alikuwa anajua siku zote, msimwonee huruma sana. Alitumaini kwamba tukimwona kwanza tutalegea.

Wazee wakakata shauri: ikiwa asili ni moja, ndoa hakuna. Baba yake Gideoni alikwisha kufariki, na upande wao aliyebaki anayejua habari za kale ni shangazi yake mmoja, Bi Mariamu, aliyelelewa na bibi yao, na ambaye yuko Jeddah miaka mingi akifanya kazi ya nyumbani. Tukampigia. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Neno la ndoa halisemwi simuni. Na aje shangazi wa mwari, tuonane uso kwa uso." Akakata. Tabitha akaacha kula, na mimi nikafunga safari.

## Nairobi hadi Riyadh

Ndege ilichelewa sana, na kuchelewa kwenyewe kulinifaa. Ukumbi ulijaa wasichana waliokuwa wakienda kufanya kazi majumbani, wamefungwa vitambaa vya rangi moja shingoni ili wakala wao asiwapoteze. Wengine walikuwa hawajawahi kupanda hata ngazi ya umeme. Mmoja aliyeitwa Faith, ambaye alikuwa anarudi kwa mkataba wa pili, alijifanya mama yao. Akaninyooshea kidole na mimi.

"Mathe, na wewe unaenda job?"

"Naenda kuulizia jina langu."

"Jina? Si ungegoogle tu!"

Walicheka mpaka mlinzi akatutazama. Baadaye Faith aliketi karibu nami ndani ya ndege akanipa masomo. Nikiambiwa yalla, nisikimbie, nitembee tu haraka. Nikiambiwa halas, niache hapohapo nilipo, hata kama kijiko kiko mdomoni. Na nikipewa kahawa, kikombe nikitikise kidogo ndipo waache kumimina. Nilimuuliza kama haogopi kurudi. Akasema, "Naogopa, lakini mtoto wangu haogopi shule." Nimekaa na watu wengi wenye vyeo maishani, na sijui kama nimewahi kumheshimu mtu kwa haraka namna ile.

## Riyadh: ndugu asiyetarajiwa

Mdogo wangu Joyce ni muuguzi Riyadh. Yeye ndiye aliyenipokea, akanilaza, akanilisha wali wa kabsa mpaka nikaomba radhi. Mji wenyewe ulinishinda. Barabara pana, taa mpaka mwisho wa macho, na treni ya mjini isiyo na dereva. Nilikwenda kukaa mbele kabisa, pale ambapo dereva angekuwa, nikashika chuma kwa mikono miwili.

"Sista, acha kushikilia hivyo," Joyce akaninong'oneza. "Haianguki. Watu wanakuangalia."

"Na waangalie. Na mimi naangalia."

Tuliteremka Al-Dirah, mtaa wa kale wa katikati ya mji, penye maduka ya ubani, majoho na mabirika ya kahawa, na wauzaji wake wametoka kila pembe ya dunia. Joyce alikuwa na mpango wake ambao hakuniambia. Mezani kwenye duka la kahawa alikuwa amekaa Mwingereza mrefu, nywele nyeupe, shati limepigwa pasi, boksi la tende mbele yake. Aliponiona akasimama.

"Huyu ni workmate wangu," Joyce akasema, na meno yote nje. "Anaitwa Mr. Hartley."

Joyce alikuwa amemwambia kwamba dada yake anakuja kutafuta asili ya ukoo, na yule bwana, ambaye hutengeneza mashine za hospitali, akaelewa kwamba nimevuka bahari kumtafuta yeye. Alikuwa amevaa kwa ajili yangu. Akanipa mkono kwa mikono miwili, akaniambia amefurahi kumwona ndugu. Mwenye duka, Myemeni mchangamfu, alitutazama sisi weusi wawili na yule mweupe, akamuuliza kwa Kiarabu kama kweli sisi ni ndugu zake. Bwana Hartley akajibu bila kupepesa macho, "Aiwa," yaani ndiyo. Kahawa ya kwanza ikawa ya bure.

Sikuwa na moyo wa kumkatisha tamaa, kwa hiyo nikamwomba anisimulie jina. Alisimulia vizuri, kwa Kiingereza cha polepole. Alisema kwao kaskazini kuna vijiji vyenye jina hilo, na maana yake ya kale ni uwazi msituni wanapolisha kulungu wenye pembe. Mtu aliyehama kijiji akaenda kijiji kingine aliitwa kwa kule alikotoka. Baadaye wajukuu wakashuka mijini kufuma nguo viwandani, wengine wakapanda meli. Yeye mwenyewe alizaliwa mji wa bandari, kaka zake wako Australia, na yeye huyo Riyadh, anakula tende.

"Kwa hiyo Hartley wote si damu moja?" nikamuuliza.

"Hata kidogo. Ni watu waliohama tu."

"Na Hartley anaweza kumwoa Hartley?"

"Bibi yangu alizaliwa Hartley, akaolewa na Hartley."

Kahawa ikanipalia. "Na hakuna aliyeuliza?"

Akafikiri. "Nadhani waliuliza kama anajua kupika."

Tulicheka wote, lakini ndani kitu kilinichoma, na sitaficha. Wao waliitwa kwa walikotoka. Sisi tulipewa jina hilohilo, na kule walikotoka wazee wetu kukafutika. Nilimwonea wivu kulungu wake na msitu wake. Yeye naye aliona uso wangu, akasogeza boksi la tende karibu nami. Alikuwa mtu mwema. Na kwa kuwa nilisahau kutikisa kikombe, Myemeni alimimina na kumimina mpaka moyo ukaanza kwenda mbio.

Njiani Joyce akasema, "Case closed. Jina ni la kijiji, sio damu. Rudi nyumbani ukapike pilau." Nikamwambia wazee wa Frere Town hawavunji mwiko kwa neno la Mwingereza aliyekutana nasi kwenye kahawa. Bi Mariamu alikuwa ananingoja.

## Njia ya Jeddah

Joyce alikuwa na zamu, akanikabidhi kwa Bwana Khatibu, Mzanzibari anayepeleka mizigo Jeddah kwa gari la kampuni, na mkewe, Bi Zuhura, aliyekuja ili nisiwe peke yangu na mwanamume. Bi Zuhura alinikaribisha kwa upendo mkubwa, akafunga mkanda, akalala. Aliamka Jeddah.

Jangwa nilidhani ni kitu kimoja tu kirefu. Kumbe lina rangi: jekundu, kisha la kijivu, kisha vilima vyeusi utadhani vimeungua. Halafu upepo ukainuka na vumbi likafunga barabara. Bwana Khatibu akaingia kituo cha mafuta, tukakaa na wasafiri wengine kwenye jamvi ndani ya mkahawa, tukisikiliza mchanga ukipiga madirisha. Pembeni yetu kulikuwa na familia ya Kisaudia, watoto chungu nzima. Mara likaletwa mbele yangu sinia la wali na kondoo ambalo sikuliagiza. Nikaogopa. Neno pekee la Kiarabu lililonijia lilikuwa "mafi," yaani hakuna, nikimaanisha mimi sikuagiza kitu. Baba wa ile familia, ambaye ndiye aliyelituma, akanisikia, akaelewa kwamba sina chakula, akapiga makofi. Likaletwa sinia la pili.

"Bibie, nyamaza sasa," Bwana Khatibu akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Ukisema tena mafi, watachinja ngamia."

Tulikula wote pamoja, isipokuwa Bi Zuhura, aliyekataa kuamka garini. Mama wa familia alininyofolea nyama laini kwa mkono wake akaniwekea upande wangu. Hatukuwa na lugha moja, na hatukuihitaji.

Vumbi lilipotulia tuliendelea, na tulipokaribia Makka njia ikagawanyika. Wasio Waislamu hupita njia ya pembeni, na ni ndefu zaidi. Nilijua Bwana Khatibu angeweza kupita moja kwa moja, hata akaswali Msikitini, kama si mimi. Nikaanza kuomba msamaha.

"Msamaha wa nini, bibie? Mgeni wangu nimshushe njiani miye nipite? Haiwi hiyo."

Akazunguka. Mahali fulani alipunguza mwendo, akainua mkono mmoja kuelekea upande ule, akaomba dua kimyakimya. Kisha akaniuliza yule binti wetu anaitwa nani, akamwombea na yeye kwa jina.

## Sharafiya: kungoja

Jeddah ilinipokea na joto la maji, lile ambalo nguo hunata mgongoni, nikajiona niko nyumbani. Nilipanga chumba Sharafiya, mtaa wa wageni: maduka ya simu, ofisi za kutuma pesa, mikahawa ya bei ndogo, teksi zinapiga honi bila kisa. Bi Mariamu alikuwa na ruhusa Ijumaa. Ijumaa ilipofika nilivaa, nikakaa tayari, na simu ikalia.

"Dadangu, leo siwezi. Baba kaanguka bafuni. Siwezi kumwacha. Ningoje."

Baba ni bosi wake, mzee sana. Lakini mimi nilisikia neno moja tu. Dadangu. Ikiwa mimi ni dada yake, basi Tabitha na Gideoni ni watoto wa nyumba moja, na safari yangu imekwisha kabla hata hatujaonana. Siku zilizofuata nilikuwa na hasira na kila kitu, hata feni. Nikasema moyoni, huyu mama ananizungusha, jibu analo na anaogopa kulisema. Tabitha alikuwa ananiandikia kwenye simu neno moja tu kila asubuhi: "Shangazi?" Nami nilimjibu kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Sharafiya yenyewe ndiyo iliyonituliza. Mkahawani kwa Msomali niliwekewa ndizi mbivu juu ya wali, nikalalamika kwamba wamekosea sahani, akina mama wa Kisomali wakanicheka na kunifundisha kula. Niliketi na dada zetu wa Kenya siku yao ya kupumzika, Wakristo na Waislamu, wakisukana na kutaniana. Mmoja alikuwa anamfundisha mwanawe hesabu kwenye simu, kutoka kiti cha mkahawa, kwa uvumilivu ambao mimi sikuwahi kuwa nao na mtoto aliye mbele yangu. Niliwatazama nikaona haya kwa hasira zangu.

## Sinia la samaki

Ijumaa ya pili gari jeupe lilisimama mbele ya mkahawa wa samaki tulipoagana kukutana. Dereva alikuwa binti wa Kisaudia, abaya yake iko wazi mbele, miwani juu ya kichwa. Alishuka, akazunguka, akamfungulia mlango mwanamke mfupi wa makamo, akambusu paji la uso. Huyo alikuwa Bi Mariamu. Binti alikuwa madam wake, na pia mtoto aliyemlea tangu akinyonya. Akasema neno kwa Kiarabu, Bi Mariamu akacheka.

"Asema Baba yu salama, na nisile chumvi nyingi. Yalla, twende ndani, dadangu."

Neno lile tena. Tukaketi. Likaja sinia moja la wali wa kahawia na samaki mzima juu yake, kama wanavyokula huko, mikono miwili sinia moja. Alikuwa akininyofolea miiba. Aliuliza juu ya Kisauni aliyosimuliwa na bibi yake, akaulizia kisima, kanisa, mti gani umekatwa. Aliniambia alisilimu huko huko Jeddah, kwa hiari yake, ila jina Hartley hakulitupa. Alinitania kwamba nina mashavu ya watu wavivu. Nilimpenda, na kila nilivyompenda ndivyo nilivyoogopa. Mwishowe nikalirudisha tonge siniani.

"Bi Mariamu, waniita dada. Kama sisi ni dada, watoto hawa hawana ndoa. Niambie."

Akafuta mkono. "Babu yako mzaa babu na babu yangu mzaa babu walitolewa chombo kimoja. Watoto wadogo. Wako alikuwa akilia kwa Kinyasa, wangu kwa Kizigua. Hapana aliyemwelewa mwenziwe. Siku ya ubatizo, mama mmoja wa Uingereza alikuwa ameleta nguo za watoto wa safu moja, basi safu nzima ikaitwa jina lake. Hartley. Wengine wakafa kwa ndui. Wakabaki wawili."

"Kwa hiyo damu si moja!" Nilikuwa nimekwisha kuinuka nusu. Akanishika kiganja.

"Keti. Sijasema halas. Walipokuwa vijana wakaona hawana mama, hawana baba, hawana hata mtu wa kuwazika. Wakachanjiana vifuani, wakala ini lililochovywa damu yao, wakaapa: wanangu ni wanao. Hawaoani milele. Ile amri hakuileta Mzungu. Waliiweka wao, wapate kuwa na ndugu duniani."

Nikakaa. Kumbe mwiko tuliokuwa tukiushika bila kujua, tukiudhani wa jina, ulikuwa wa wavulana wawili waliokuwa peke yao. Niliwastahi wazee wale kuliko siku yoyote maishani mwangu, na wakati uleule nikamwona Tabitha na sahani yake ambayo haiguswi.

"Basi imekwisha," nikasema.

"Bibi yangu alinambia, fundo la watu wawili hufunguliwa na watu wawili. Mmoja wa nyumba hii, mmoja wa ile, uso kwa uso. Mashangazi watosha. Hula pamoja mara ya mwisho kama ndugu, kisha husema. Baada ya hapo si ndugu tena. Ni wakwe." Akatazama sinia. "Na wakwe, wajua mwenyewe."

Najua. Kwetu wakwe hawataniani, hawaangaliani machoni, na hawali chombo kimoja.

"Hayo si ungeniambia simuni?"

"Ningekwambia simuni, ungekuja?" Sauti yake ikapungua. "Nimelea watoto wa watu, wanipenda, sina lawama. Lakini miaka yote hii hapana ndugu aliyevuka bahari kunijia. Nikajisemea, huyu mmoja nimwone, nile naye samaki, ndipo nimwache."

Nililia mbele ya watu, na sikujali. Kwa muda ule, na nitawaambieni ukweli hata Tabitha akisoma, nilitamani kurudi na jibu la hapana. Nilitamani kumwambia: tuache hivi hivi, watoto watapata wengine, mimi nimepata dada. Nadhani aliliona likija mdomoni mwangu.

"Yule mwari," akauliza, "ampenda?"

"Ameacha kula."

"Basi na ale."

Nikasema, kwa jina la nyumba yetu, kwamba tunaufungua udugu. Naye akasema kwa jina la nyumba yao kwamba wameufungua. Akautoa mkono wake ndani ya sinia, akajifuta, akajivuta ushungi mpaka kwenye paji la uso. Kisha akamwita mhudumu, akamwomba kwa Kiarabu sahani moja zaidi. Mhudumu akashangaa, maana samaki alikuwa karibu kwisha, lakini akaileta. Bi Mariamu akagawa kilichobaki, upande wenye nyama akauweka kwenye sahani, akanisogezea taratibu, macho yake yako mezani.

"Karibu chakula, mkwe wangu," akasema.